Bibi na pawa stelingi: shajara ya Land Rover 109, Tanga

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Idi imekwisha, bega langu bado. Siku ya pili ya sikukuu nilikuwa namrudisha Bibi, Land Rover yetu, kinyumenyume kwenye uchochoro wetu wa Ngamiani, watoto wamejaa nyuma, nikauvuta usukani mpaka kitu kikalia begani, ta! Mke wangu hakunipa pole. Alisema tu ama gari libadilishwe ama dereva, na kwamba yeye hana upande.

Basi leo nimefungua daftari.

Bibi ni Land Rover 109, Series III, pikapu. Kadi yasema 1978. Injini ni ile dizeli ya cc 2286 ambayo ujanani ilikuwa na nguvu za farasi 62. Siku hizi wamebaki punda kadhaa. Marehemu baba alimnunua kutoka shamba la mkonge, na hadi leo ukipitisha kidole kwenye kona za chesisi unatoka na nyuzi za katani. Kwangu anabeba machungwa ya Muheza na nazi za njia ya Pangani, na kwa mzigo hana kinyongo. Shida zake ni mbili. Springi za mbele zimekufa kiasi kwamba kila shimo linafika moja kwa moja kwenye meno. Na usukani, akiwa amesimama, ni sawa na kumgeuza ng'ombe aliyelala.

Nataka mbele pawe pa kisasa, na nataka pawa stelingi, usukani unaosaidiwa na pampu ya oili. Vyuma vitatoka kwenye Discovery ya 1991 iliyopinduka, ambayo sasa iko kwa muuza chuma chakavu upande wa Pongwe ikisubiri grainda.

Jumapili, 6 Aprili

Ndoto imedumu siku moja.

Mie nilitaka ekseli nzima ya mbele ya ile Discovery, pamoja na springi zake za koili. Land Rover wenyewe walishahamia koili kwenye Range Rover ya 1970, na kwenye One Ten ya 1983, na aliyepanda zote mbili anajua tofauti. Nikampeleka Fundi huko Pongwe akaione. Fundi ni mzee, alianza kazi kwenye karakana za mashamba ya mkonge, na haangalii gari kabla ya kutoa futi ya kamba.

"Shika huku, mwanangu."

Nikashika. Kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya tairi la pili, Discovery ina milimita 1486. Bibi tulishampima asubuhi: amepungua kwa zaidi ya sentimita 15. Maana yake mbele angepanuka na nyuma akabaki vilevile, matairi yametoka nje ya madigadi kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake.

Hilo ningelivumilia. La pili ndilo lililoniketisha chini. Difu ya Discovery ni 3.54, ya Bibi ni 4.7: hizo ni mara ambazo propela, ile shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli, inazunguka ili tairi lizunguke mara moja. Kwenye 109 ukikandamiza kile kibonye cha njano, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Hakuna difu ya katikati ya kuzisuluhisha kama iliyomo kwenye Discovery. Kwa hiyo mzunguko uleule wa propela ungeyapeleka matairi ya mbele kasi na ya nyuma polepole. "Mbele inasema twende, nyuma inasema ngoja," alisema Fundi, "na anayelipa ni giaboksi."

Dawa ipo: unatoa moyo wa difu ya zamani unauingiza kwenye ekseli mpya. Lakini bado uikate chesisi, uchomelee minara ya koili, vishikio vya mikono miwili ya kuvuta ekseli, na kishikio cha ile fimbo ya kupita kati inayozuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Nikamuuliza kama anaweza. Akasema anaweza. Akanyamaza kidogo, kisha: "Ila ukimaliza huna 109. Una Discovery iliyovaa kanzu ya baba yako."

Nimenuna mpaka Isha. Uamuzi: ekseli ya zamani inabaki, na springi za bapa zinabaki, ila za aina mpya ya paraboliki. Kutoka Discovery tunachukua stelingi boksi, pampu, tangi lake la oili na shafti ya usukani.

Alhamisi, 10 Aprili

Springi za paraboliki zimefika kwa basi kutoka Mombasa, zimefungwa kwenye gunia kama muhogo. Kila moja ina vyuma viwili tu. Kijana wa Fundi alipoziona aliuliza zilizobaki ziko wapi.

Springi za zamani ni rundo la vyuma vilivyolaliana urefu wote. Vikitaka kupinda lazima visuguane, na msuguano huo ndio unaokufanya uhisi kila kokoto. Za Bibi zilishashikana kwa kutu na chumvi ya hewa ya hapa mpaka zikawa chuma kimoja; tulipozitoa na kuziweka chini, hazikujikunjua hata kidogo. Za paraboliki ni nene katikati na zinapungua unene kuelekea ncha, na vyuma vyake vinagusana katikati na mwishoni tu. Kati kuna nafasi, kidole kinapita.

Kutoa zile za zamani ilikuwa kazi ya siku nzima, na si kwa sababu ya springi. Ni bushi. Bushi ya chesisi ina bomba la chuma nje, mpira kati, bomba jingine ndani, na lile la nje lilishaoana na chesisi. Fundi aliuchoma mpira kwa gesi mpaka ukayeyuka ukatoka na moshi mweusi uliomfanya jirani afunge madirisha. Bomba la ndani likadondoka lenyewe. La nje halikusikia nyundo. Akatoa jino la msumeno wa chuma, akalipitisha ndani ya tundu, akalifunga upya kwenye fremu, akaanza kukata taratibu kutoka ndani kwenda nje, kila dakika anasimama kupapasa kwa kidole cha shahada asije akaikata chesisi yenyewe. Nilidhani anachelewesha. Alipofika mwisho alilikunja lile bomba kwa patasi, likajikunja kama karatasi ya sigara, akalitoa kwa koleo. Moja. Zilibaki nyingine za namna hiyo, na mkono wa kijana ukatoka malengelenge.

Jambo dogo lililonifurahisha: baba alikuwa akisema Bibi ana nyonga, kila siku analala upande wa kulia. Kumbe springi za mbele za gari hili si mapacha. Ya upande wa dereva hukunjwa zaidi kidogo kwa sababu upande huo una uzito. Gereji moja zamani iliziweka kinyume. Tumeishi na nyonga hiyo miaka 20.

Ijumaa, 11 Aprili

Springi mpya zimeingia. Boliti za bushi tumezikaza kwa mkono tu. Zitakazwa kabisa gari likiwa limekaa kwenye matairi yake, la sivyo mpira wa bushi utakuwa umejisokota muda wote na hautamaliza mwaka.

Pua imepanda kiasi cha vidole vitatu. Nikaona mipira ya breki ya mbele imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na hapo ekseli haijaning'inia hata nusu. Mirefu zaidi inahitajika, na shokapu ndefu pia. Mtu akikuuzia springi hizi asikutajie mipira ya breki, mkimbie.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka, maduka nusu yamefungwa. Siku nzuri ya kufanya kazi nisiyoitaka.

Fundi amekataa kugusa stelingi boksi mpaka tukague vichwa vya ekseli, pale tairi linapogeukia: lile tufe la kromu na pini zake za juu na chini. Tukafungua tairodi, ile fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele, kila upande ukabaki peke yake. Halafu akamtuma kijana kwa wavuvi wa Deep Sea aazime mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Akaitundika kwenye tundu la mkono wa tairi, akawa anavuta polepole huku anasoma. Upande wa kushoto mshale ulipanda, ukakwama, ukaruka. Wa kulia haukupanda kabisa. Kichwa kilifuata kama mlango usio na kitasa.

Tulipofungua cha kushoto, badala ya oili nzito ya gia iliyotakiwa iwemo, EP90, ulitoka uji. Kijivu, na punje za kutu ndani yake. Tufe lenyewe lina vishimo vya chumvi, na kila kishimo ni kisu cha kuchana sili. Tumebadilisha bushi na beringi za pini, sili zote mbili, na tufe la kushoto tumepata la mtumba lililo laini. Kisha ikaja kazi ya vijibati vyembamba vya kuweka chini ya pini ya juu: toa kimoja, kaza, vuta mizani, rudisha, vuta tena, mpaka pande zote mbili zikavuta sawa.

Tukarudisha kila kitu, tukajaza upepo kwenye zile 7.50-16 ambazo nakiri nilikuwa naziendesha nusu tupu. Nikakaa, nikageuza usukani. Stelingi boksi ni ileile ya zamani, hakuna pampu, hakuna lolote. Umepungua uzito nusu.

Nikamwangalia Fundi. Akasema, "Ungeweka pawa juu ya ugonjwa huu, usingeusikia tena. Ungekuja kuusikia gurudumu likikupita njiani."

Kwa dakika kumi hivi nilifikiria kuacha mradi hapo hapo na kurudisha vyuma Pongwe. Bega likanikumbusha uchochoro.

Jumatatu, 28 Aprili

Rilei. Wanaojua wameshaguna.

Kwa asiyejua: kwenye 109 stelingi boksi iko nyuma, karibu na miguu ya dereva. Fimbo inatoka hapo kwenda mbele mpaka kwenye kitu kama chupa ya chuma kilichosimama ndani ya chesisi ya kupita, nyuma ya bampa. Hiyo ndiyo rilei. Inapokea mvuto juu, inautoa chini, unakwenda kwenye matairi. Boksi ya Discovery inakaa mbele kabisa na inavuta matairi yenyewe, kwa hiyo rilei haina kazi tena na nafasi yake inahitajika.

Imekaa humo tangu 1978. Masika imeanza kwa hasira, tunafanya kazi chini ya turubai, maji yanapita katikati ya miguu. Jana tuliinywesha oili ya kulegeza kutu mchana kutwa. Leo asubuhi: mikono yake ikatoka kwa kupigwa nyundo mbili kwa pamoja, mmoja kushoto mmoja kulia. Chupa yenyewe, wapi. Tukaweka jeki ya chupa chini yake, tukapampu. Bibi akaanza kunyanyuka. Pua nzima ya gari imekaa juu ya rilei na rilei haijasogea unene wa ukucha. Fundi akaleta gesi, akaipasha moto ile chesisi ya kupita kuizunguka, akapiga pembeni kwa nyundo. Tukaenda kunywa kahawa. Tukarudi tukapasha tena. Tulikuwa tumekwishaanza kusema mambo ya kukata kwa grainda pale iliposikika *paa!*, gari likashuka, na kijana akaruka mpaka kwenye matope.

Imetoka sentimita mbili. Baada ya hapo ilikuwa subira tu.

Nilitaka kuifungua nione ndani. Fundi akanionyesha tundu kwenye bati la paa la karakana, juu ya meza, tundu ambalo mie siku zote nilidhani ni la msumari. Ndani ya rilei kuna springi iliyokandamizwa, na mtu mmoja zamani aliifungua bila kuifunga kwa bomba wala kitambaa. Nimeiacha kama ilivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Boksi imekaa.

Inashikwa kwa boliti nne, lakini mvuto wake ukiwa na pampu si mchezo, na chuma cha chesisi si kinene. Fundi alikata bamba la milimita 8, akatoboa chesisi pande zote mbili, na ndani ya kila tundu akaingiza kipande cha paipu nene akakichomelea, ili boliti ikikazwa ibane paipu na siyo kuifinyanga chesisi kama kopo. Kisha akaweka mkono wa kutoka kwenye boksi hadi chesisi ya kupita, kwa sababu bila huo chesisi ingepasuka baada ya miezi, kimyakimya. Kona ya paneli ya rejeta tumeikata kidogo. Iliniuma.

Fimbo ya kutoka boksi kwenda kwenye tairi ilikuwa fupi. Kijana alikwishawasha mashine ya kuchomelea aunge kipande. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Fundi akipaza sauti. Fimbo ya usukani haiungwi. Tumekwenda kwa fundi wa leithi akachonga mpya kutoka bomba nene, nyuzi za kulia ncha moja na za kushoto ncha nyingine, ili ukiizungusha irefuke au ifupike bila kufunguliwa.

Kabla ya kuunga, nilihesabu mizunguko ya boksi kutoka mwisho hadi mwisho, nikarudisha nusu. Boksi hizi zimekazwa zaidi katikati, kwa hiyo katikati yake lazima iwe matairi yakiwa yamenyooka, si kwingineko. Shafti ya usukani ina jointi mbili za msalaba. Tuliziweka vibaya mara ya kwanza na usukani ukawa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, kama mtu anayechechemea. Tulizioanisha upya.

Pule ya krenki ilikuwa ya mkanda mmoja. Ya mikanda miwili imechongwa palepale kwenye leithi.

Jumatano, 14 Mei

Nusu saa ya furaha, halafu msiba. Mpira wa shinikizo kubwa, ambao duka moja la Dar lilituuzia kama mpya, ulipasuka nilipofika mwisho wa kona. Oili nyekundu iliruka hadi kwenye ukuta wa jirani na kwenye mbuzi wake mweupe. Mtoto aliyekuwa anatazama alilia akidhani tumemchinja. Mbuzi hana tatizo. Nimepaka ukuta chokaa.

Jumapili, 25 Mei

Mpira mpya umebanwa kwa mashine mbele ya macho yangu. Oili ya ATF, matairi ya mbele hewani, injini ikizunguka taratibu, kushoto polepole, kulia polepole, bila kung'ang'ania mwishoni, mpaka povu likaisha kwenye tangi. Mkanda ulipiga kelele. Pampu ilikuwa nje ya mstari kwa milimita 5. Washa mbili za kuisogeza, kelele kwisha.

Jioni tukapima matairi. Kijana alikuwa na simu mkononi na namba za Discovery: matairi yafunguke mbele kati ya 0 na milimita 2. Fundi akatikisa kichwa. Discovery inavuta matairi yote manne wakati wote, ndiyo maana imepewa namba hizo. Hapa boksi ndiyo ngeni. Ekseli ni ya 109, na 109 anataka yafunge mbele, milimita 1.2 hadi 2.4. Tukachora mstari wa chaki katikati ya kila tairi, tukapima kwa ufito mbele, tukasukuma gari nusu mzunguko, tukapima nyuma. Mara tano. Tumeishia kwenye milimita 2, au ufito umenidanganya.

Jumatano, 4 Juni

Tanga hadi Muheza na kurudi, magunia ya machungwa kwenda sokoni kabla ya Idi ya kuchinja.

Barabarani springi mpya zinacheza kuliko nilivyozoea. Kwenye matuta Bibi anainama halafu anainuka, kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani mwake. Zamani aligonga tu. Akiwa na mzigo ametulia zaidi. Shokapu ndefu zimesaidia. Usukani baada ya kona unarudi kivivu, lazima uusindikize kwa mkono. Nilimwambia Fundi tuweke kabari chini ya springi tuongeze mlalo wa pini. Amesema niendeshe mwezi mzima kwanza, ndipo nilalamike.

Jioni mke wangu alichukua ufunguo bila kuniuliza. Amemwingiza kinyumenyume uchochoroni kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu anaongea na dada yake.

Alhamisi, 5 Juni

Jana usiku nilitandika kipande cha boksi la karatasi chini ya pua. Asubuhi: tone moja, jekundu. Sili ya chini ya stelingi boksi. Nimeshaiagiza.